Mbio Njema, Lakini Nani Amezilipia?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu. Kila sifa njema ni Yake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, leo sitasema nawe juu ya mirathi, wala juu ya kuandama kwa mwezi. Nataka kusema nawe juu ya mbio. Zile mbio ndefu za kilomita 42 na mita 195 ziitwazo marathoni. Najua wako watakaosema: Sheikh amezeeka, amekosa la kuandika. Nakuomba usiufunge ukurasa. Jambo hili lililoanza na jozi moja ya viatu limeingia nyumbani mwa watu, likaingia barazani, likaingia hata katika darsa langu, nami nimeona kwa macho yangu jinsi tulivyolikosea sote, mimi nikiwa wa kwanza.

Sisi watu wa Nyamwage twakaa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam huuvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, ikatupitia sisi kuelekea Kilwa, Lindi na Mtwara. Na hapo petu ndipo ichepukapo njia ya kwenda Utete. Mkaa njia panda hana siri. Akinunua samaki, twajua ni samaki gani. Akigombana na mkewe, twajua kabla ya Isha. Basi fikiri mwenyewe yalivyokuwa siku tulipomwona kijana wetu mmoja, fundi wa pikipiki, baba wa watoto watatu, ametoka msikitini baada ya sala ya Alfajiri, akavua kanzu yake, akaikunja vizuri, akamwachia mwenye genge, kisha akaanza kukimbia njia ya Utete peke yake, hali hakuna anayemfukuza wala yeye hamfukuzi mtu.

Barazani hapakukalika siku ile. Mmoja akasema kijana ana deni, anakwepa wadai. Mwingine akasema amepandwa na maruhani. Wa tatu akasema ni uzungu tu, mtu aliyeshiba anatafuta njaa. Mambo yalipobainika, kumbe kijana amejiandikisha kwenda Moshi katika marathoni ya Kilimanjaro, zile mbio zikimbiwazo tangu mwaka 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kicheko kikazidi. Fundi wa pikipiki, chombo anacho, tena chombo cha moto, naye aenda kwa miguu!

Kijana huyu nilimsomesha mimi Juzuu Amma. Kwa hiyo niliona kama heshima yangu ndiyo inayokimbia barabarani. Jioni moja, baina ya Magharibi na Isha, nikatoa darsa juu ya lahwi, yaani mambo ya upuuzi. Jina sikulitaja, lakini msikiti mzima ulijua nani anayepigwa. Nikaishika ile hadithi mashuhuri inayohesabu michezo isiyokuwa ya upuuzi: kutupa mishale, kumfunza farasi, na mtu kucheza na mkewe. Nikauliza kwa sauti: Mbio za Moshi zimo wapi hapo? Watu wakatikisa vichwa. Nikarudi nyumbani nimeridhika nafsi yangu, na mtu akiridhika na nafsi yake baada ya kumtweza mwenziwe, ajue ana ugonjwa.

Siku ya tatu yake akaja mke wa yule kijana. Akakaa uani na mke wangu, nami nikaitwa nikakaa kizingitini nimsikilize.

"Maalim," akasema, "sikuja kukushitakia mbio za mume wangu. Nimekuja kukuomba usimkataze. Kabla ya mbio hizi alikuwa akirudi saa tano za usiku kutoka kwenye kibanda cha mpira, na nusu ya alichokipata mchana imekwisha liwa na mikeka ya kubahatisha. Sasa akisha sali Isha analala, na Alfajiri yumo msikitini. Ukimkataza, utanirudishia yule wa kwanza."

Nikanyamaza. Katika darsa langu lote sikuwa nimemwona huyo wa kwanza. Zile usiku za mikeka hazikunishughulisha, kwa kuwa zilipita gizani. Zimenishughulisha mbio, kwa kuwa zinapita mchana mbele ya baraza.

Nikamwuliza: "Basi kinachokuliza ni kipi, mwanangu?"

"Sikuulizwa, Maalim. Hicho tu."

Kisha akanieleza. Fedha za korosho zilipotoka, viatu vya mbio vilinunuliwa kabla ya sare za shule. Jumapili mume hutoka Alfajiri, hurudi jua limepanda, hula, hulala mpaka Adhuhuri, akaamka anachechemea. Siku hizo ndizo za kuokota korosho, kisha ndizo za kulima na kupanda mpunga bondeni. Na mtoto wa mwisho bado ananyonya. "Yeye anapumzika kwa sababu amekimbia," akasema. "Mimi nitapumzika kwa sababu ya nini?"

Ndugu msomaji, mimi nimesoma miaka mingi, lakini jibu la swali hilo sikuwa nalo. Ndipo nilipokaa nikaanza kulitafuta, na haya ninayokuandikia ndiyo niliyoyapata. Yatawachoma wenzangu wa barazani, na yatawachoma wakimbiaji. Kila mmoja apokee fungu lake.

Fungu la kwanza ni letu sisi tuchekao. Nani aliyetwambia kuwa mbio ni uzungu? Katika Sahihi ya Imam Muslim mna habari za Salama bin Al-Akwa'i (r.a.), sahaba aliyekuwa na miguu myepesi kupita kiasi. Walipokuwa wakirejea Madina kutoka katika safari ya Dhu Qarad, akatokea mtu wa Ansari akinadi nani atashindana naye mbio mpaka Madina. Salama akamwomba Mtume (s.a.w.) ruhusa, akapewa. Mwanzo akajizuia ili aihifadhi pumzi yake, kisha akaongeza mwendo, akamfikia mwenziwe na kumpita. Huyo hakukatazwa wala hakuchekwa. Na Mtume mwenyewe (s.a.w.) alishindana mbio na mama yetu Aisha (r.a.) mara mbili, kama walivyopokea Abu Daud na wengineo. Tena amefundisha kwamba muumini mwenye nguvu ni bora na apendeza zaidi kwa Mola wake kuliko muumini dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri.

Basi sisi twakaa barazani tangu Alasiri mpaka adhana ya Magharibi, bao mbele yetu, na kahawa, na nyama za watu tunazozila kwa kusengenya. Matumbo yametangulia, magoti yanalia, presha na sukari zimekuwa wageni wa kila nyumba. Kisha tunamwita mpuuzi yule aliyeamka Alfajiri akautia mwili wake jasho! Wallahi, mpuuzi tunamjua ni nani. Na ile hadithi niliyomchapia kijana wangu nimeisoma upya, nikaona aibu. Tatu lake ni mtu kucheza na mkewe. Nilimpiga kijana kwa jiwe lililokuwa limenilenga na mimi, kwa maana sikumbuki lini nilimfanya mke wangu acheke.

Kwa hiyo hukumu ya kwanza ni hii, na ninaifuta kwa kalamu ile niliyoisema kwa ulimi: mbio kwa asili yake si haramu wala si upuuzi. Ni mubaha, na mwenye kunuia kuutunza mwili aliopewa kwa amana, nia yake yaweza kuigeuza kuwa ibada.

Fungu la pili ni la mkimbiaji, nalo ni zito zaidi. Usifurahi mapema, kijana, kwa hayo niliyoyasema.

Watu huitazama marathoni siku ya mbio. Wanaona namba kifuani, wanaona nishani. Lakini mkimbiaji wetu Juma Ikangaa, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989, amefundisha kwamba hamu ya kushinda haina maana bila ya hamu ya kujiandaa. Amesema kweli, nami naongeza: maandalizi hayo ndipo nyumba inapoliwa. Njoo tupige hesabu. Mwanagenzi huhitaji kama wiki 18. Tuseme kila wiki atakimbia siku tatu, saa moja moja, na siku ya nne atakwenda mwendo mrefu wa wastani wa saa tatu. Hizo ni saa 6 kwa wiki. Mara wiki 18, ni saa 108. Mtu akilima saa nane kwa siku, hizo ni siku kumi na tatu na nusu za shamba. Na sijahesabu usingizi wa mchana, wala kufua nguo za jasho, wala mazungumzo ya viatu.

Saa hizo 108 hazikushuka kutoka mbinguni. Zimetoka mahali. Ikiwa zimetoka katika kibanda cha mpira na mikeka, Alhamdulillahi, huo ni ushindi kabla ya Moshi. Ikiwa zimetoka katika soga zako, ni zako, zitumie. Lakini ikiwa zimetoka katika mgongo wa mwanamke anayeinama bondeni na mtoto mgongoni, basi hukukimbia wewe. Umekimbia kwa miguu ya mwenzako, na nishani iliyo ukutani kwako haijalipiwa.

Utaniambia: Sheikh, lakini huyu ni mke, kunisaidia ni wajibu wake. Nami nakuuliza: wewe wamwona amekaa? Tuseme kisima kipo kilomita moja na nusu kutoka nyumbani, naye huenda mara nne kwa siku. Kwenda na kurudi mara nne ni kilomita 12. Kwa siku nne ni kilomita 48, yaani ameipita marathoni yako, na nusu ya njia ana ndoo kichwani. Nani alimpigia makofi? Nani alimpa maji njiani? Maji ni yeye anayeyaleta.

Sikiliza kisa cha Salman na Abu Dardaa (r.a.), kilichomo katika Sahihi ya Imam Bukhari. Mtume (s.a.w.) aliwaunga udugu. Salman akenda kumzuru nduguye, akamkuta mkewe Umm Dardaa amejiachilia katika mavazi, hana raha. Alipouliza, akaambiwa kuwa Abu Dardaa hana haja tena na dunia: mchana amefunga, usiku amesimama. Salman hakumpongeza. Alimlazimisha ale, akamlazimisha alale, kisha akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahli zake wana haki. Basi kila mwenye haki apewe haki yake. Habari ikafika kwa Mtume (s.a.w.), naye akasema Salman amesema kweli.

Zingatia, msomaji. Abu Dardaa hakuwa akikimbia. Alikuwa akifunga na kusali, ibada tukufu zisizo na shaka. Ikiwa sala ya usiku, ambayo ni ya Mwenyezi Mungu, haikupewa ruhusa ya kula haki ya mke, itakuwaje kilomita thelathini za Jumapili, ambazo ni zako wewe? Ikiwa saumu ya sunna haikukubaliwa kuwa udhuru, itakuwa udhuru nishani ya bati? Mwenye kulijibu hilo ajitokeze.

Wala usiniletee mifano ya mabingwa. Septemba 2025, huko Tokyo, ndugu yetu Alphonce Simbu aliipatia Tanzania dhahabu ya dunia katika marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu ndogo ya sekunde. Sote tulifurahi, hata wale wa bao walisimama. Lakini Simbu mbio ndiyo kazi yake. Kazi yako wewe ni pikipiki za watu zilizolala nje ya kibanda chako zikingoja kifaa. Bingwa akifanya mazoezi yupo kazini. Wewe ukifanya mazoezi umetoka kazini. Tofauti hiyo mkeo anaijua, kwa kuwa anaisoma katika debe la unga.

Basi dawa ni nini? Dawa ni ile aliyoitaja mwanamke yule kwa neno moja: kuulizwa. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ameweka jambo la kumwachisha mtoto ziwa liwe kwa kuridhiana na kushauriana baina ya baba na mama. Kuachisha ziwa! Jambo la mtoto mmoja na titi la mamake, na bado mume hakupewa kulikata peke yake, wala mke hakupewa. Je, miezi minne ya nyumba nzima, pamoja na fedha zake na Jumapili zake, huyo mume aikate peke yake kwa kubonyeza simu na kujiandikisha? Hata Salama, aliyekuwa na mbio kuliko farasi, aliomba ruhusa kwanza ndipo akakimbia.

Nikamwita kijana, nikamwambia maneno mawili. La kwanza, nikamwomba radhi kwa darsa langu. Na Ijumaa iliyofuata nikasimama msikitini nikasema nilikosea, kwa sababu kosa lililotangazwa huombewa radhi kwa kutangazwa. La pili, nikamwambia arudi nyumbani akakae na mkewe, aulize. Akainamisha kichwa. Mtu huyu aliyekuwa akienda kilomita ishirini bila kusimama aliona hatua za kutoka kwangu mpaka kwake ni ndefu.

Lakini alikwenda, na wakapatana. Mwendo mrefu ukahamia siku ya Jumapili moja kwa moja baada ya Alfajiri, na saa tatu za asubuhi awe amerudi, akikatisha popote alipofika. Jumapili hiyo hiyo halali mchana. Huwachukua watoto wakubwa wawili, mke akalala yeye. Jumamosi nzima ni ya shamba. Kiatu kingine hakinunuliwi mpaka daftari za shule zimenunuliwa. Na mke naye akaweka sharti lake la mwisho: mbio zikisha, zamu ni yake. Akaulizwa zamu ya nini. Akasema atakuja kuitaja.

Kijana akenda Moshi. Mbio zile huanzia katika uwanja wa Chuo cha Ushirika na kuurudia, na njia yake hupanda kuelekea Mweka. Mtu wa Rufiji, aliyezaliwa mahali ambapo kilima kirefu ni kichuguu, alikiona cha moto. Wajuao huniambia kwamba mwili wa mtu huwa na akiba ya sukari ambayo kwa wengi humalizika kama kilomita ya 30, na hapo miguu hugeuka kuwa ya mtu mwingine. Ikawa hivyo. Kilomita nane za mwisho karibu zote alitembea. Akamaliza kwa zaidi ya saa tano, wenye mbio zao wamekwisha oga.

Aliporudi, baraza likacheka tena. Amekwenda mbali hivyo kuwa wa mwisho! Mimi nikawaambia: Nyamazeni. Mwaka 1968, katika Olimpiki za Mexico, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka njiani, goti lake likaumia. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla Akhwari hajaingia uwanjani, giza limeingia, watu wamebaki wachache, naye anachechemea na bendeji mguuni. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile akaanze mbio, ilimtuma akazimalize. Majina ya waliokuwa wa pili na wa tatu siku ile hamyajui hata mmoja wenu. La Akhwari mwalijua. Kuanza kuna ngoma na mashangilio; kumaliza kuna amana. Na ndoa ni hivyo hivyo.

Ningependa, ndugu msomaji, kuishia hapo, na hadithi ingekuwa tamu. Lakini sasa ndiyo nafika katika fungu la tatu, ambalo ndilo lililonishikisha kalamu.

Mwezi mmoja baada ya mbio, yule mwanamke akaitaja zamu yake. Anataka kujifunza cherehani, Ikwiriri, ng'ambo ya mto, siku mbili kwa wiki, miezi minne. Miezi minne ile ile. Siku hizo mume awarejeshe watoto shule, awapikie, awalaze yule mdogo mchana. Hana zaidi.

Basi lau ungesikia barazani! Wale wale waliokwisha kubali kwamba mbio ni afya, waliokwisha kumwita kijana shujaa, wakageuka. Mwanamke huyu amevuka mpaka. Mwanamke huyu amefunzwa na redio. Nani atampikia mume? Mmoja akanifuata mpaka nyumbani: "Sheikh, wewe ndiwe uliyelianzisha, sasa lizuie." Na kijana mwenyewe, ambaye miguu yake ilivumilia Mweka, nikamwona anasitasita. Akaniambia, "Maalim, watu wanasema."

Nikamwambia: "Watu walisema pia ulipovua kanzu pale gengeni. Mbona hukusimama?"

Nawaambia na nyinyi wa barazani, na wote mnaosoma huku mkikunja uso. Mtu akikopa kwa shahidi, akija kudaiwa haambiwi mdai kwamba amevuka mpaka. Miezi minne ile ilikuwa mkopo, na nyinyi mlikuwa mashahidi. Mmekula karamu ya nishani, mmepiga picha naye, na sasa deni lataka kulipwa mwalikimbia kuliko alivyokimbia yeye. Elimu ya halali, kazi ya halali, mwendo wa heshima, na sitara yake. Lipi katika hayo lililoharamishwa? Au haramu ni mwanamume kuonekana ameshika mwiko? Mama yetu Aisha (r.a.) ameeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa nyumbani alikuwa katika kuwahudumia ahli zake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Wewe utukufu wako umeupata wapi hata ukazidi huo?

Na kirudieni kisa cha zile mbio mbili. Mara ya kwanza Aisha alikuwa mwepesi, akamtangulia Mtume (s.a.w.). Ikapita muda, akanenepa, wakashindana tena, Mtume akamtangulia, akamwambia kwa furaha kwamba hii ni malipo ya ile. Tunaisimulia kila siku kuthibitisha kwamba mbio ni halali, kisha tunaliacha lililo ndani yake. Aliwaamuru watu watangulie mbele, msafara mzima, apate nafasi ya yeye na mkewe. Na mambo yakawa ya zamu: leo mbele wewe, kesho mbele mimi, na hakuna aliyekasirika. Nyumba isiyokuwa na zamu si nyumba, ni gari lenye abiria mmoja na wasukumaji watano.

Nisije nikalaumiwa kuwa nimewaacha wakimbiaji bila adabu, naziweka hapa kwa ufupi.

Kwanza, shauri kabla ya kujiandikisha, na nafaka kabla ya kiatu. Kula ya ahli zako ni faradhi, mbio ni mubaha, na mubaha haiitangulii faradhi.

Pili, Ramadhani. Mwezi mtukufu hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na miaka hii umeingia katika Februari na Machi, wakati wa mbio za Moshi. Mazoezi nyumbani hayakupi ruhusa ya kula mchana. Punguza mwendo, kimbia baada ya Tarawehe au kabla ya daku. Aliye safarini kutoka kwetu mpaka Moshi ana ruhusa ya msafiri, kwa masharti yake, naye atalipa siku zake. Lakini dharura ya kujitakia usiiite dharura.

Tatu, sitara. Baina ya kitovu na magoti pafunikwe, na nguo isibane. Na kwa kuwa mbio kubwa za Moshi kwa miaka mingi zimebeba jina la bia, Mwislamu asikubali kuwa ubao wa tangazo la ulevi. Nenda na fulana yako mwenyewe.

Nne, mwili ni amana. Zidisha mwendo kidogo kidogo. Pwani hii ina joto na mvuke, kimbia kabla jua halijapanda. Kunywa maji kwa kiasi cha kiu, kwa maana kuyazidisha kupita kiasi nako kunadhuru. Aliyekuwa na maradhi ya moyo au presha aulize tabibu kwanza. Na kama alivyofanya Salama, hifadhi pumzi mwanzoni.

Sasa nimalizie habari. Nilipokuwa naandika haya, mwanamke yule alikuwa amekwisha kwenda Ikwiriri wiki tatu. Juzi nilipita njia panda saa saba za mchana, nikamwona mumewe mbele ya kibanda chake, pikipiki imefunguliwa chini, mtoto mdogo amelala begani kwake, naye anageuza spana kwa mkono mmoja. Barazani walikuwa wakimtazama na kusema yao. Nikasita kidogo. Kisha nikaingia nyumbani mwangu, nikamwuliza mke wangu, baada ya miaka arobaini na moja ya ndoa, kama kuna jambo ambalo zamu yake haikufika.

Alinitazama muda mrefu. Akasema nikae chini, maana orodha si fupi.

Nawe, ndugu msomaji, usiufunge ukurasa ukaenda barazani kunijadili. Anza nyumbani kwako, ukaulize.

Wabillahi tawfiq, wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.